Mraba Mdogo kwenye Chupa ya Dawa: Namna ya Kuunda Msimbo wa QR Unaosomeka

Ni saa mbili usiku na umeme umekatika. Mama ameshika chupa ya dawa ya maji ya mtoto, antibiotiki aliyopewa mchana kwenye dirisha la dawa, na mwanga pekee alio nao ni tochi ya simu yake. Mfamasia alimweleza yote. Lakini dirishani palikuwa na foleni, mtoto alikuwa akilia, na sasa maelezo yamemchanganya. Je, chupa hutikiswa kila mara au siku ya kwanza tu? Dawa ikibaki baada ya siku kwisha, ihifadhiwe au imwagwe? Kwenye chupa kuna stika yenye mraba wa madoadoa meusi na maneno "Skani usikie maelezo". Anaelekeza kamera. Simu inatafuta, inatafuta tena, na haipati kitu.

Mama huyu tumemchora kuwa mfano, lakini kasoro zilizomwangusha ni za kweli na hukutwa kwenye stika nyingi: msimbo uliojazwa maneno mengi mno, ukachapwa mdogo mno, juu ya karatasi inayong'aa, kisha dawa yenye sukari ikachuruzika juu yake. Hakuna hata moja kati ya kasoro hizo inayohitaji fedha nyingi kuiondoa. Zinahitaji mtu aliyefikiria usiku wa mgonjwa kabla ya kubonyeza kitufe cha kuchapa.

Vituo vya afya vinazidi kuupokea msimbo wa QR. Wananchi wameshauzoea kwenye risiti za mashine za kodi, kwenye malipo ya simu dukani, na kwenye vyeti vya chanjo ya UVIKO-19. Makala haya yanaeleza namna ya kuuweka kwenye stika za dawa na za sampuli ili usomeke. Jambo moja litajirudia tangu mwanzo hadi mwisho: msimbo mzuri ni ule uliobeba kidogo. Kanuni hiyo hiyo inayoufanya usomeke kwa urahisi ndiyo inayolinda siri ya mgonjwa.

Msimbo unasomwaje?

Msimbo wa QR ulibuniwa Japani mwaka 1994 na Masahiro Hara na timu yake katika kampuni ya vipuri vya magari ya Denso. Kiwandani, misimbo ya mistari iliyotumika wakati huo ilibeba taarifa chache, hivyo mfanyakazi alilazimika kuskani mistari mingi kwenye kasha moja. Timu ikatafuta alama inayobeba taarifa kwa pande mbili, kwenda juu na kwenda pembeni, na inayosomwa upesi hata ikiwa imelala upande. Kampuni ilisajili haki ya uvumbuzi wake lakini ikaamua kutowadai watumiaji malipo. Ndiyo maana leo zahanati yoyote inaweza kujitengenezea msimbo bila kumlipa mtu.

Tazama msimbo wowote na utaona miraba mitatu mikubwa kwenye pembe tatu. Hiyo ndiyo macho yake. Ukipitisha mstari katikati ya mmoja wa miraba hiyo, utakutana na weusi wa kipimo 1, weupe wa 1, weusi wa 3, weupe wa 1, kisha weusi wa 1. Wabunifu walichunguza machapisho mengi ili kupata uwiano usiotokea mara kwa mara kwenye maandishi na picha za kawaida. Kamera inapouona uwiano huo mara tatu, inajua kwamba huu ni msimbo, na inajua umegeukia wapi. Kwa hiyo mbunifu anayepamba pembe hizo, kuziviringisha kupita kiasi au kuweka maua ndani yake, anaufumba msimbo macho.

Sehemu iliyobaki ni miraba midogo inayobeba taarifa pamoja na akiba ya kusahihisha makosa. Akiba hiyo ina madaraja manne. Daraja L hurejesha takriban asilimia 7 ya taarifa zilizoharibika, M asilimia 15, Q asilimia 25 na H asilimia 30. Hesabu inayotumika ilitungwa na Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Akiba hii ndiyo inayouwezesha msimbo uliochubuka kidogo kusomeka bado, lakini hailindi zile pembe tatu. Doa dogo la dawa katikati ya msimbo linaweza kuvumiliwa, ilhali doa lile lile likiangukia kwenye pembe linaweza kuuua.

Uzito wa maneno

Kila herufi inayoongezwa ndani ya msimbo huongeza mzigo, na mzigo ukizidi, miraba huongezeka. Msimbo mdogo kabisa una miraba 21 kila upande, na mkubwa kabisa una 177. Stika haikui kwa sababu maneno yameongezeka, kwa hiyo kinachopungua ni ukubwa wa kila mraba.

Chukua stika yenye nafasi ya milimita 20 kwa 20 kwa ajili ya msimbo, pamoja na ukingo wake mweupe. Tuseme tunatumia daraja M. Tukiweka anwani ya tovuti yenye herufi 25, tunapata msimbo wa miraba 25 kila upande, na kila mraba una upana wa takriban milimita 0.6. Tukiweka anwani ndefu ya herufi 100, miraba inafika 41 na kila mmoja unabaki na milimita 0.4. Tukiamua kuandika humo maelezo yote ya dawa, tuseme herufi 300, miraba inakuwa 69 na kila mmoja unasinyaa hadi robo ya milimita. Kamera ya simu ya bei nafuu, mkono unaotetemeka na mwanga hafifu haviwezi kutenganisha robo ya milimita.

Fundi wa tovuti ya kituo anaweza kutengeneza anwani fupi inayompeleka mgonjwa kwenye ukurasa mrefu. Tena kuna faida iliyojificha katika herufi. Msimbo huhifadhi herufi kubwa na tarakimu kwa ubanifu zaidi kuliko herufi ndogo. Anwani ile ya herufi 25 ikiandikwa yote kwa herufi kubwa, inawezekana kupanda kutoka daraja M hadi daraja Q bila kuongeza hata mraba mmoja. Tahadhari ni kwamba baadhi ya seva hutofautisha herufi kubwa na ndogo katika sehemu inayofuata jina la tovuti, hivyo fundi aiandae ipokee zote mbili.

Upo pia uamuzi wa kuweka maneno yenyewe badala ya anwani. Faida yake ni kubwa: mgonjwa hahitaji bando. Sentensi mbili fupi zisizozidi herufi 60, kama vile "Tikisa kabla ya kunywesha. Maliza siku zote ulizoandikiwa.", huhitaji miraba 33 tu. Lakini mtu anayeweza kusoma maneno hayo kwenye simu anaweza kuyasoma kwenye stika yenyewe. Msimbo hufaa zaidi pale unapompa mgonjwa kitu ambacho karatasi haiwezi kumpa: sauti ya mfamasia akieleza kwa Kiswahili chepesi, au picha mjongeo fupi inayoonyesha namna ya kuchanganya unga wa dawa na maji yaliyochemshwa na kupozwa.

Wapo wanaopenda kuweka nembo ya kituo katikati ya msimbo. Nembo ile haina nafasi ya bure, kwani inakula akiba ya kusahihisha makosa kabla stika haijapata hata mkwaruzo mmoja. Atakayeiweka atalazimika kupanda hadi daraja H, na anwani ya herufi 25 iliyohitaji miraba 25 sasa itahitaji 33. Kwenye bango la ukutani hilo linavumilika. Kwenye chupa ya dawa, nembo iwekwe pembeni.

Ukubwa, ukingo na rangi

Kanuni ya vitendo ni kwamba upana wa msimbo usipungue sehemu moja ya kumi ya umbali wa kamera. Bango linaloskaniwa kutoka mita moja linahitaji msimbo wa sentimita 10. Stika inayoshikwa mkononi, kamera ikiwa sentimita 15 hadi 20, inahitaji takriban sentimita 2.

Kuzunguka msimbo lazima pabaki ukingo mweupe wenye upana wa miraba minne kila upande. Ukingo huu ndio unaosahauliwa kuliko kitu kingine, kwa sababu machoni pa mbunifu unaonekana kama nafasi iliyopotea. Akiweka fremu, mstari au maandishi ndani yake, kamera hushindwa kujua msimbo unaanzia wapi.

Rangi iwe nyeusi au ya giza juu ya weupe. Msimbo uliogeuzwa, mweupe juu ya weusi, hukataliwa na baadhi ya programu za kusomea. Rangi nyekundu nayo ina mtego wake: baadhi ya mashine za kuskani zinazotumika maabara na bohari hutoa mwanga mwekundu, na chini ya mwanga huo wino mwekundu huonekana kama karatasi nyeupe.

Faili linalopelekwa kwa mchapaji liwe la mchoro usiopoteza ubora unapokuzwa, kama SVG au PDF. Msimbo unaotumwa kwa WhatsApp kama picha hubanwa na kingo zake hufifia, kwa hiyo utumwe kama waraka. Wala usivutwe upande mmoja ili ujaze nafasi, maana mraba uliogeuzwa mstatili si mraba tena.

Chupa, karatasi na wino

Stika iliyosomeka vizuri mezani huweza kugoma ikibandikwa kwenye uso wa mviringo. Chupa yenye kipenyo cha milimita 40 inabeba msimbo wa milimita 20 bila taabu. Lakini tyubu ya damu yenye kipenyo cha milimita 13 ina mzingo wa takriban milimita 41 tu, na msimbo wa milimita 20 ungezunguka karibu nusu yake. Hakuna kamera inayoona pande mbili za tyubu kwa wakati mmoja. Kwa tyubu kama hiyo, msimbo ubebe namba ya sampuli peke yake. Msimbo mdogo kabisa, wa miraba 21, unabeba hadi tarakimu 34 kwa daraja M, na ukichapwa kwa upana wa milimita 8 hivi unabaki upande unaoonekana. Kabla ya kuagiza stika hizo, ulizeni kwanza mashine ya maabara inasoma aina gani ya msimbo, kwa kuwa nyingine zimetengenezwa kusoma misimbo ya mistari peke yake.

Printa nyingi za lebo huchapa nukta 8 kwa kila milimita. Mraba mmoja wa msimbo ukipewa nukta kamili, mathalani 4, unatoka na upana wa nusu milimita na kingo zilizonyooka. Ukipewa nukta tatu na nusu, printa italazimika kubahatisha, na miraba mingine itatoka minene kuliko mingine.

Karatasi nayo ina tabia zake. Kila mmoja wetu amewahi kukuta risiti ya dukani imepauka ndani ya pochi. Hiyo ni karatasi inayogeuka nyeusi kwa joto bila kutumia wino, na stika nyingi za bei nafuu ni za aina hiyo. Zinafaa kwa kitu cha siku chache kisichoanikwa juani, lakini jua, joto na spiriti huziharibu. Kwa kitu cha kudumu, au kitakachopanguswa kwa spiriti, ni heri stika ya plastiki iliyochapwa kwa printa yenye utepe wa wino wa resini. Chapa ya printa ya wino wa maji huchujuka ikilowa. Tena stika isiwe ya kung'aa, kwa kuwa tochi ikimulikwa juu yake hurudisha mwanga kwenye kamera na kuufuta msimbo wote. Hicho ndicho kilichompata mama yetu wa saa mbili usiku.

Mahali pa kubandika pia pachaguliwe. Dawa ya maji huchuruzika upande wa kumiminia, basi msimbo ukae upande wa pili. Usifunike jina la dawa, nguvu yake, namba ya toleo wala tarehe ya mwisho wa matumizi. Chupa iwe kavu kabla ya kubandikwa, na kama itakaa kwenye jokofu, stika ibandikwe kabla haijapoa, kwa maana gundi haishiki juu ya umande.

Msimbo hauna kufuli

Madoadoa yale hayasomeki kwa macho, na kwa hiyo wengi hudhani kwamba yameficha kitu. Hayakuficha chochote. Yeyote mwenye simu janja anaweza kuyasoma: jirani, mwajiri, kondakta aliyeokota kadi iliyoanguka ndani ya daladala. Kilichoandikwa ndani ya msimbo kihesabiwe kuwa kimeandikwa kwa herufi kubwa juu ya bahasha.

Kwa hiyo jina la mgonjwa, ugonjwa wake na majibu ya vipimo vyake havina nafasi humo. Kama stika inapaswa kumtambulisha mgonjwa kwa mfumo wa kituo, ibebe namba isiyo na maana nje ya mfumo huo, na jalada lifunguke kwa mtumishi aliyeruhusiwa pekee. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kabla ya sheria hiyo maadili ya kazi yetu yalishasema hivyo.

Upo uvujaji wa siri usioonekana haraka. Kituo kinaweza kuweka anwani tu, bila jina la mtu, lakini anwani yenyewe ikaishia kwa neno "arv" au "kifua-kikuu". Simu huonyesha anwani kabla ya kufungua ukurasa, na aliyeskani atakuwa ameshajua. Anwani ziishie kwa namba zisizoeleza kitu. Vivyo hivyo, huduma moja isipewe stika ya rangi yake pekee, kwani watu hujifunza rangi upesi kuliko herufi. Hapa ndipo ufundi na maadili vinapokutana: anwani fupi yenye namba tupu ni nyepesi kwa kamera na ni bubu kwa mdadisi.

Pale msimbo unaponyamaza

Si kila mgonjwa ana simu janja. Wapo wenye kitochi, wapo wasio na bando, wapo wazee wasiozoea. Stika isiyosema kitu bila msimbo imewaacha hao wote nje ya mlango. Kwa hiyo mambo ya lazima yaandikwe kwa wino: kipimo alichoandika mfamasia, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na tarehe ya kumwaga dawa iliyobaki. Dawa nyingi za unga zinazochanganywa na maji hazidumu zaidi ya siku 7 au 14 baada ya kuchanganywa, kulingana na maelekezo ya mtengenezaji, na tarehe hiyo huandikwa kwa mkono siku ya kuchanganya. Picha ya jua na ya mwezi humsaidia asiyesoma. Namba ya simu ya kituo humsaidia anayetaka kuuliza. Chini ya msimbo iandikwe pia ile anwani fupi, ili kamera ikigoma mtu aweze kuiandika mwenyewe.

Anwani hiyo iwe ya taasisi yenyewe, kama zile zinazoishia kwa ac.tz au go.tz. Zipo huduma za mtandaoni zinazotoa msimbo unaopitia kwenye tovuti yao kwanza. Muda wa majaribio ukiisha au ada isipolipwa, stika zote zilizokwisha kubandikwa hugeuka madoa tu. Ukurasa wenyewe uwe mwepesi, usidai kupakua programu, na sauti iwe fupi ili isimalize bando la mtu.

Kabla ya kuchapa elfu, chapeni moja. Ibandikeni kwenye chupa halisi, kisha mpeni mtu asiyeshiriki kuiunda, tena kwa simu ya zamani kuliko zote mlizo nazo. Aiskani mchana, kisha usiku kwa tochi. Idondoshieni dawa, ipanguseni, iwekeni mfukoni kutwa nzima, mjaribu tena. Irudieni baada ya wiki mbili. Ikishindwa popote, punguzeni maneno kabla ya kufikiria kubadili printa.

Kwa msomaji mwenye chupa mkononi

Wewe uliyepewa dawa yenye stika ya namna hii, futa kwanza kioo cha kamera. Shika simu umbali wa kiganja kimoja hivi, na taa ije kutoka pembeni, si moja kwa moja. Simu ikionyesha anwani, isome kabla ya kuifungua. Ukiona stika imebandikwa juu ya stika nyingine, au ukurasa ukikuomba namba ya siri ya simu au ya pesa, funga na ukiulize kituo. Maelezo ya dawa hayahitaji siri yako yoyote. Na kama ulichosikia kwenye simu kinapingana na alichoandika mfamasia, usibahatishe: piga simu kituoni au rudi dirishani.

Kwa mfamasia, stika hii haipunguzi hata neno moja la maelezo ya ana kwa ana. Lakini dakika moja zaidi inastahili kutumika: mwambie mama aiskani palepale, mbele yako, kabla hajaondoka. Ikisomeka dirishani, amejua njia. Isiposomeka, ni heri mjue nyote wawili mchana huo, wakati bado yupo wa kumuuliza.